Msimcheke Kijana wa Picha

Katika mkutano wa walimu wa dini wa parokia yetu, mwenzangu mmoja alisimama akamtaja kijana wa kilima chetu, akamfanya mfano wa upuuzi. Jina hakulitaja, lakini sote tulijua anamsema nani, maana katika Masisi nzima sidhani kama yuko mwingine mwenye mkebe kama ule. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuandika maneno haya. Mtu akicheka mahali pasipo pa kucheka, afadhali aseme mwenyewe kabla hajasemwa na wengine.

Mkebe wenyewe ni wa maziwa ya unga. Ndani yake mna picha saba ndogo za karatasi zenye sura za wachezaji wa mpira wa Zaire, wale waliokwenda Ujerumani Magharibi mwaka 1974 kushindania Kombe la Dunia. Zilipigwa chapa na kampuni ya Panini ya mji wa Modena, Italia, ambayo tangu mwaka 1961 imekuwa ikiuza picha za wachezaji ndani ya bahasha ndogo. Watoto huzibandika katika kitabu mpaka kila nafasi ijae. Kijana wetu alizaliwa mwaka 1997, mwaka ule ule nchi ilipoacha kuitwa Zaire. Kwa hiyo anatafuta picha za watu waliocheza miaka 23 kabla hajazaliwa, chini ya jina la nchi asilolijua ila kwa kusimuliwa. Anauza vocha za simu sokoni, anaweka akiba kidogo kidogo, na mjomba wake aliyeko Liège, Ubelgiji, humtafutia picha kwa wauza vitu vikuukuu. Ikipatikana moja huja ndani ya barua, ikiwa imefungwa katika karatasi mbili.

Januari 2025, vita vilipofika Masisi kati, watu walikimbia. Huyu alibeba godoro, yule sufuria, mwingine alivuta mbuzi. Kijana wetu alibeba mkebe ndani ya shati. Tangu siku ile mwenzangu alianza kumcheka, na hajaacha.

Hoja yake niieleze kwa haki. Alisema: “Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kijana mwenye nguvu, katika nchi iliyoumizwa kama yetu, atatafutaje sura za watu ambao hawakumzaa, wala yeye hakuwaona uwanjani? Kama ni fedha anatafuta, na aseme ni fedha. Kama si fedha, basi ni wazimu.”

Namjibu bila hasira, kwa maana ni ndugu yangu na tulikula chumvi moja katika seminari ndogo.

Kwanza ile methali. Wahenga waliisema kwa ajili ya ugomvi na majuto: umegombana na jirani, mkapatana, basi usichimbue kila siku kosa la jana. Hawakuisema juu ya watu. Sijapata kumwona mzee wa Kihunde wala wa Kinyanga akisema kwamba babu yake amepita na kwa hiyo si ndwele. Mzee akiitwa kusema neno la shamba au la mahari, huanza kwa kuhesabu: fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani. Asiyeweza kuhesabu hivyo hukaa nyuma, hata akiwa na ng'ombe mia. Nawe, Mwalimu, kila mwaka siku za kukaribia Noeli unawasomea Wakristu ule mlolongo wa majina ulio mwanzoni mwa Injili ya Matayo. Watu husinzia, nawe huruki jina hata moja.

Sasa neno la fedha, kwa maana hapa wengi hupotea. Ni kweli kwamba zipo karatasi za namna hii zenye bei ya kutisha. Mwezi wa Agosti 2022, huko Marekani, kadi moja yenye picha ya Honus Wagner iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Wagner alikuwa mchezaji wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa rungu ambao Wamarekani huupenda kama sisi tunavyopenda kandanda. Kadi yake ilitoka kati ya mwaka 1909 na 1911 ndani ya pakiti ya sigara. Makampuni ya tumbako yalikuwa yakitia kipande cha karatasi ngumu katika pakiti ili sigara zisivunjike. Kisha yakagundua kwamba wakichapa picha juu yake, mnunuzi atataka pakiti ya pili apate picha ya pili. Kadi za Wagner zilibaki chache kwa sababu zilisimamishwa mapema. Wengine husema hakutaka watoto wavutwe kwenye tumbako, wengine husema hakuridhika na malipo. Mwezi ule ule wa Agosti, kadi ya mchezaji mwingine, Mickey Mantle, ya mwaka 1952, iliuzwa kwa dola milioni 12.6.

“Waona!” mwenzangu atasema. “Ni fedha.”

Ngoja kidogo. Kadi zile za 1952 zilichapwa na kampuni ya Topps. Nyingine hazikununuliwa, zikakaa miaka katika ghala, hakuna aliyezitaka hata kwa bure. Mtu wa kampuni hiyo, Sy Berger, alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1960 alizipakia katika chombo, wakazipeleka baharini, wakazimwaga. Ndiyo desturi ya dunia: kitu hudharauliwa kwanza, hutupwa, kisha wajukuu wa waliokitupa huja kukilipia. Mwenye fedha hufika mwisho. Kabla yake walikuwako waliokitafuta kisipokuwa na bei yoyote, na hao ndio tunaopaswa kuwauliza walitafuta nini.

Mmoja wao aliitwa Jefferson Burdick. Alizaliwa mwaka 1900, akafanya kazi ya mikono kiwandani katika mji wa Syracuse, jimbo la New York. Hakuwa tajiri, tena alikuwa mgonjwa wa viungo, vidole vikimuuma mno. Mtu huyu alikusanya vipande vya karatasi zaidi ya 300,000: kadi za sigara, za peremende, za matangazo ya maduka, na kati yake zimo za karne ya 19, kabla hajazaliwa. Alizipanga, akazipa namba, na hata leo wakusanyaji wote wanatumia namba zake. Kadi ile ya Wagner yaitwa T206 kwa sababu Burdick aliita hivyo jamii yake. Halafu akafanya nini na mali hiyo? Tangu mwaka 1947 alianza kuitoa bure kwa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, akawa anakwenda huko kuzibandika katika vitabu kwa vidole vyake vibovu, mpaka akamaliza mwaka 1963, na mwaka huo huo akafariki. Nani atasema huyu alitafuta fedha?

Hapa niongeze jambo dogo la nyumbani kwetu, ambalo mwenzangu pengine amelisahau. Katika Ubelgiji na Uholanzi watoto wa shule walikuwa wakikusanya stempu zilizokwisha kutumika, na karatasi za fedha za chokoleti, kwa ajili ya misioni za Afrika. Stempu hizo ziliuzwa kwa wakusanyaji, fedha ikatumwa huku. Huenda bati mojawapo tunalokaa chini yake tukimcheka mkusanyaji lilinunuliwa na mkusanyaji.

Basi, kama si fedha, ni nini? Wako wanaojibu upesi: ni utoto. Mtu mzima hutamani alivyoviona akiwa mdogo. Jibu hili ni zuri kwa mzee wa miaka 62. Yeye alikuwa na miaka kumi au zaidi kidogo mwaka 1974, alisikia kelele za watu wazima, aliona ng'ombe akichinjwa. Akitafuta picha hizo anatafuta siku zake mwenyewe. Lakini halimfai kijana aliyezaliwa 1997, wala halimfai Mmarekani wa leo anayetafuta kadi za 1909. Yeye hana utoto wa kurudia huko.

Nimemwuliza kijana mwenyewe, jambo ambalo mwenzangu hakulifanya. Alinipa majibu mawili.

La kwanza lilinishangaza kwa akili yake. Alisema picha za siku hizi hazina mwisho. Ukinunua za mwaka huu, mwakani zitatoka nyingine, na mwezi ujao tena, na mwenye kuzichapa hapendi umalize, kwa maana ukimaliza hatakula. Lakini za 1974 zimefungwa. Hakuna awezaye kuongeza mtu mwingine katika kikosi kile. Zilizobaki ni hizo, zinapungua kila mwaka kwa moto, mvua na mchwa. Mwenye kuzitafuta anajua anachotafuta na anajua ni kiasi gani hajapata. Nilikumbuka kwamba Wamarekani walijifunza jambo hili kwa hasara: katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 makampuni yalichapa kadi mpya kwa wingi mno, watu wakazinunua kama akiba ya uzeeni, na leo masanduku hayo hayana thamani.

Jibu la pili alilitoa akiangalia chini. Babu yake alikuwa na redio. Mwaka 1974 yeye na wanaume wa kilima walikaa kuizunguka kama moto. Mwezi wa Machi walisikia jinsi Zaire ilivyochukua Kombe la Afrika huko Misri: sare ya 2–2 na Zambia, mchezo ukarudiwa, 2–0, na magoli yote manne ya Zaire yalitiwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alitia magoli 9. Mwezi wa Juni walisikia habari za Ujerumani: 0–2 na Uskoti, 0–9 na Yugoslavia, 0–3 na Brazili. Babu alimsimulia mjukuu mambo haya mara nyingi mno, akitaja wachezaji mmoja mmoja kwa majina, hata mtoto akayajua kabla ya kujua kuandika. Lakini hakupata kuwaonyesha nyuso zao, kwa maana redio haina nyuso. Mzee alifariki. Ndipo kijana alipoanza kutafuta. Aliniambia: “Mwalimu, nataka kujua babu alikuwa anamwona nani, alipokuwa akisikiliza.”

Mwenzangu, hili ndilo jibu langu kwako, na mengine yote ni maelezo tu. Anayetafuta kitu kilichomzidi umri hatafuti kitu. Anatafuta watu waliokishika, waliokitazama, waliokilia. Kitu ni mlango wa kuingilia kwao. Ndiyo maana kipya hakimfai hata kikiwa kizuri zaidi: ndani ya kipya hamna mtu.

Wala jambo hili si geni kwetu, halikuletwa na Wazungu wa kadi. Jirani zetu Walega wa Shabunda, Mwenga na Pangi, walio na ndugu zao Bakano katika Walikale, walikuwa na chama cha heshima kiitwacho bwami. Mtu alipopanda daraja katika bwami alikabidhiwa vitu vidogo vya mti, vya mfupa au vya pembe ya ndovu, sura za watu na vinyago vidogo. Viliitwa masengo, yaani vitu vizito, ingawa vingine ni vyepesi kiasi cha kukaa katika kiganja. Uzito wake ulikuwa nini? Ulikuwa watu. Kitu hakikuchongwa kwa ajili ya mtu mmoja kikaisha naye. Kilitoka kwa marehemu kikaenda kwa jamaa aliyeshika nafasi yake, kikasuguliwa kwa mafuta, kikang'aa kwa mikono ya wengi, na anayekipokea alipokea pamoja nacho methali zake. Katika bwami kitu kilichokuzidi umri hakikuwa wazimu. Kilikuwa ndiyo heshima yenyewe, na asiyekuwa nacho alikuwa mtoto.

Serikali ya Kibelgiji ililipiga chama hicho marufuku mwaka 1948. Wako pia walimu wa dini waliotutangulia waliofurahi kuona masengo yakichomwa, nasi tuseme hivyo bila kificho, kwa kuwa kuni zilikuwa mikononi mwetu. Sisemi kila jambo la bwami lilikuwa jema. Nasema tulichoma majina pamoja na miti. Mengine hayakuchomwa: yalinunuliwa kwa bei ya chumvi, yakavuka bahari.

Tazameni sasa ajabu hii. Mmarekani mmoja, Jay Last, mwanafizikia aliyezaliwa 1929 na kufariki 2021, alikuwa kati ya watu wanane walioanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor mwaka 1957, ambayo ilitengeneza vile vipande vidogo vya ndani ya kompyuta. Mtu huyu alikusanya vitu vya namna mbili. Alikusanya karatasi za rangi zilizobandikwa juu ya masanduku ya machungwa ya California, na alikusanya masengo ya Walega. Karatasi zilikwenda katika maktaba ya Huntington, masengo katika jumba la Fowler la chuo kikuu cha Los Angeles, lililoyaonyesha kwa watu mwaka 2001. Simlaumu mtu huyu. Alitunza, akatoa, hakuficha. Lakini linganisheni vitu vyake. Karatasi ya sanduku la machungwa ina jina la wenye machungwa na la mji wao. Kadi ya pakiti ya sigara ina jina la mchezaji na la mji wa timu yake. Na kitu kizito cha Walega, kilichokuwa heshima ya ukoo mzima? Katika majumba mengi ya makumbusho kibandiko kando yake husema: Walega, Kongo, mchongaji hajulikani.

Hajulikani na nani? Mwanawe alimjua. Aliyepokea kitu hicho mkononi mwa baba yake alimjua, na angeweza kuwataja wengine watatu nyuma yake. Aliyenunua hakuuliza. Aliyeuza hakusema, au alisema pasipo mtu wa kuandika.

Inawezekana kuuliza. Mwaka 1956, huko Walikale, Mbelgiji Daniel Biebuyck alikaa siku 12 akimsikiliza Mnyanga Candi Rureke akisimulia, akiimba na kucheza utenzi wa Mwindo tangu mwanzo mpaka mwisho. Kitabu kilitoka mwaka 1969, kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, na jina la Rureke limo ndani yake. Kwa hiyo leo mtoto wa Walikale akikifungua anajua maneno yale yalipitia kinywa cha nani. Biebuyck naye alikuwa akikusanya jambo lililomzidi umri. Lakini aliuliza, akaandika.

Hapa niwageukie wale wenye mifuko. Wapo wanaopita vijijini Walikale, katika njia zile zile za wanunuzi wa kasiterite, wakiulizia kiti cha babu, fimbo ya mwami, ngoma iliyopasuka. Wanapima kiti kama wanavyopima mawe. Nawasema hawa, na ninawasema zaidi sisi tunaowauzia. Umeuza kiti kwa bei ya kuku wawili. Kuku wamekwisha, na mtoto wako ataambiwa siku moja kwamba mchongaji hajulikani. Kama njaa imekushika, sina ujasiri wa kukukataza. Lakini kabla kiti hakijatoka mlangoni, kaa na watoto, waambie nani alikichonga, nani alikikalia, nani alifia karibu nacho. Maneno hayo mnunuzi hana haja nayo. Yabaki nyumbani.

Tena sitaki mtu adhani nawasifu wakusanyaji wote. Yuko mkusanyaji anayependa picha akasahau mwenye sura. Ndaye Mulamba, yule wa magoli 9, alipigwa risasi na majambazi mwaka 1994, akahamia Afrika Kusini kama mkimbizi. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika huko Burkina Faso, ilitangazwa kwamba amekufa katika machimbo ya Angola, na uwanja mzima ukasimama kimya dakika moja kwa heshima yake. Kumbe mtu yu hai, yuko Cape Town, akilinda magari ya watu ili apate chakula. Alifariki kweli mwaka 2019. Wakati wa uhai wake, ni wangapi waliohifadhi picha za kikosi kile katika vitabu safi, pasipo kujua kwamba mmoja wao anawafungulia watu milango ya gari? Na Mwepu Ilunga, aliyetoka katika ukuta akaupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajapiga adhabu yao, dunia ilimcheka miaka mingi ikisema Mwafrika hakujua kanuni. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alizijua sana. Walikuwa na uchungu, kwa maana fedha zao za malipo zilikuwa zimeliwa. Alifariki mwaka 2015, na wengi bado wanacheka.

Nilimweleza kijana wetu habari ya Ndaye. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama mtu yule alizikwa na jamaa zake.

Hata majina yaliyochapwa juu ya picha zile yana kisa chake. Hayana jina la ubatizo hata moja. Tangu mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikuwa imekataza majina ya Kikristu, Kardinali Malula akapinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Wazee wa parokia wanakumbuka jinsi mtoto alivyokuwa na jina moja kanisani na jingine shuleni. Kijana hakujua hilo. Alilijua kwa sababu ya picha, alipouliza mbona hakuna Petro wala Yosefu kati yao.

Sasa nafika kwa jambo ambalo mwenzangu hawezi kulikwepa. Siku tuliyokimbia, mimi nami nilibeba kitu. Nilibeba daftari la wakatekumeni la kilima chetu, lililoanzwa mwaka 1961 na mwalimu wa dini ambaye sikumjua. Wino wake umekuwa wa rangi ya chai. Kurasa za mwisho zimeliwa na mende. Zaidi ya nusu ya walioandikwa humo wamekufa, na kwa kazi ya leo halinisaidii kitu, kwa kuwa hesabu zetu za sasa ziko katika daftari jipya. Kwa nini nililibeba? Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Na mwenzangu, aliponiona nalo barabarani, alinishika bega mbele ya watu akasema nimefanya kazi ya mwalimu wa kweli. Muda mfupi baadaye aliuona mkebe wa kijana, akacheka.

Nakuuliza, ndugu yangu: tofauti iko wapi? Daftari langu lina majina bila nyuso. Mkebe wake una nyuso na majina. Vyote viwili vilitangulia kuzaliwa kwetu. Utaniambia majina yangu ni ya waumini na yake ni ya wacheza mpira. Sawa. Lakini babu yake yumo katika daftari langu, mstari wa tano wa ukurasa wa mwaka 1963, nami nilikuwa nikiupita kila mara bila kujua kwamba alikuwa na redio.

Tulipokuwa ugenini mama mmoja mzee alinijia jioni. Hajui kusoma. Alikuwa amesikia kwamba nina daftari, akaomba nimtafutie jina la mama yake. Tulilitafuta kwa mwanga wa simu, tukalipata. Akaomba nimshike kidole nikiweke juu ya jina. Alikiweka, akakaa hivyo mpaka mwanga ukazimika, kwa maana simu ilikuwa imeisha moto. Hakuniuliza linasaidia nini.

Kijana ameniomba daftari tupu, nami nimempa. Jumapili baada ya sala huketi na wazee, hufungua mkebe, hupanga picha saba juu ya kitambaa, nao huanza kubishana. Haandiki habari za mpira tu. Anaandika nani alikuwa na redio, ya nani iliazimwa, nani alikuwa mgonjwa siku hiyo, nani alikuwa bado hajaoa. Jumapili iliyopita mzee mmoja aliyekimbia kutoka Walikale alisema kwamba kwao waliusikiliza mchezo wa Yugoslavia kwa mfanyabiashara mmoja, na betri zikafa baada ya goli la nne. Hapakuwa na nyingine. Walirudi nyumbani na huzuni yao, na kwa siku mbili, mpaka lori likafika kutoka Bukavu, kijiji kizima kiliamini kwamba Zaire imefungwa manne tu.